Maswali ya wasomaji: Metali kwenye majitaka, na wale vijidudu wanaotusafishia

Toleo lililopita nilijibu kiswali kidogo tu cha yule dada aliyeuliza kwa nini shimo lake la choo linajaa haraka, nikamwambia apunguze kumwaga jiki maana inaua bakteria wanaoozesha. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika, na karibu zote zimeiacha jiki zikahamia kwenye metali, yani risasi, zebaki, kromiamu, shaba na wenzao. Nimechukua saba, ndefu nimezipunguza, majina nimeyatoa. Twende.

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Naishi Dar karibu na mabwawa ya majitaka. Miaka yote bwawa la pili lilikuwa kijani, mwezi huu limegeuka kama zambarau hivi afu harufu ya mayai viza hadi usiku hatulali. Mtaani wanasema kuna kiwanda kinamwaga sumu ya metali. Ni kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Poleni na harufu. Kwanza nikwambie ukweli usioupenda, zambarau peke yake sio ushahidi wa metali. Ile kijani uliyoizoea ni mwani, na mwani ndo mtambo wenyewe wa bwawa: mchana unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia kula uchafu wetu, wao wanatoa hewa ya ukaa, mwani nao unaitumia, mzunguko unaendelea bila mota wala bili ya umeme. Ndo maana mabwawa kama ya Vingunguti, au yale ya Dandora kule Nairobi (ambayo kiukweli yako Ruai), yanachukua eneo kubwa namna ile, yanahitaji jua. Sasa mzigo wa uchafu ukizidi oksijeni inaisha, wanaingia bakteria wa ukoo mwingine ambao badala ya kupumua oksijeni wanapumua salfeti, hao ndo wanaotoa hiyo gesi ya mayai viza, na nyuma yao wanakuja bakteria wa zambarau ambao hiyo gesi kwao ni mtaji, wanaitumia pamoja na mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Kwahiyo zambarau tafsiri yake ya kwanza ni kwamba bwawa limezidiwa.

Lakini mtaani hawajakosea kabisa, maana bwawa linaweza kuzidiwa kwa njia mbili, ama mzigo umeongezeka ama wabebaji wamepungua, na metali inapunguza wabebaji. Wale waliokulia Kilimanjaro kwenye kahawa wanaujua mrututu, ile chumvi ya bluu, mzee anachanganya na chokaa anapulizia majani ukungu unakufa. Mrututu ni shaba. Ukiingia kwenye bwawa unaua mwani vilevile unavyoua ukungu, na mwani ukifa oksijeni hamna, na yaliyobaki ndo hayo unayoyanusa.

Kwa bakteria wenyewe metali inaua kwa ujanja zaidi. Kila metali ina mlango wake. Kromiamu ile mbaya, tuiite kromiamu sita, umbo lake linafanana na salfeti, na bakteria anahitaji salfeti, basi anaifungulia mlango mwenyewe akidhani mgeni wa siku zote. Ikishaingia inaanza kubadilika mlemle ndani na inachana DNA. Kadimiamu inapitia kwenye mlango wa zinki. Vimeng'enya vingi vinatumia zinki kama nati ya kushikilia mashine, kadimiamu ni nati inayoonekana saizi ileile lakini nyuzi zake ni tofauti, inaingia, inakaza, afu mashine haizunguki tena. Zebaki na risasi zinapenda sana salfa iliyoko kwenye protini, zikishaishika haziachii. Na shaba, ambayo bakteria anaihitaji kidogo sana, ikizidi inazalisha aina za oksijeni kali zinazounguza seli kwa ndani.

Sio wote wanakufa sawa. Wanaoanza kuanguka ni wale wanaobadilisha amonia ya mkojo kuwa naitreti, akina Nitrosomonas na wenzao. Hawa ni watu wa taratibu, bakteria wa kawaida wa tumboni akipata chakula kizuri anajigawa kila dakika 20, Nitrosomonas anaweza kuchukua siku nzima kujigawa mara moja. Ukiua kizazi chao leo mtambo unaweza kukaa wiki kadhaa bila kusafisha amonia, huku ukiangalia kwa macho maji yanaonekana safi tu. Amonia inatoka hivyohivyo mpaka mtoni na samaki ndo wanaoipokea.

Zamani nilishika kazi kwenye maabara ya mtambo mmoja wa majitaka, sitasema upi. Asubuhi kabla ya chai tulikuwa tunaweka tone la tope kwenye hadubini. Tope likiwa na afya utaona vijidudu vikubwa kidogo kuliko bakteria, vimesimama kwenye vikonyo kama kengele, vinakunjuka na kujikunja. Siku ukikuta kengele zote zimetulia au zimeacha vikonyo vyao, huna haja ya kusubiri majibu ya kemikali, usiku kuna mtu kamwaga kitu. Na karibu kila mara ilikuwa usiku, mara nyingi usiku wa mvua.

Kwahiyo ushauri wangu, andikeni tarehe, pigeni picha ya rangi, pelekeni malalamiko NEMC (baraza la mazingira la Tanzania) au bodi ya maji ya bonde, Dar ni Wami/Ruvu. Na mkienda msiombe wapime maji peke yake, ombeni wapime tope la chini. Metali iliyomwagwa usiku, maji yake asubuhi yameshapita, lakini tope linatunza kumbukumbu, kwasababu ile gesi ya mayai viza inashikana na metali zinakuwa unga mweusi unaozama. Bwawa la kwanza kabisa, lile jeusi ambalo hakuna anayetaka kulisogelea, ndo jela ya metali. Na ndo maana mtu akikuuzia tope la mabwawa kama mbolea bila karatasi ya vipimo, we mwache nalo.

SWALI: Mi ni mama nauza mchicha na matembele, nachukua bondeni Msimbazi. Wateja wa siku hizi wanauliza umetoka wapi, nikisema wanakunja sura. Nikiosha vizuri kwa maji ya chumvi si inatosha? (Mama wa genge, Tabata)

JIBU: Mama, nitakujibu bila kuzungusha. Kuosha kunasaidia nusu. Ile risasi iliyoko kwenye mboga, sehemu kubwa imekaa juu ya jani kama vumbi na matope ya kumwagilia, hiyo ukiosha kwa maji mengi yanayotiririka inapungua kweli. Mayai ya minyoo na bakteria nao wanapungua, na ukipika wanakufa. Ila kadimiamu ni habari nyingine, mmea unainywa kwa mizizi unaipandisha mpaka kwenye jani, imo ndani ya nyama ya mchicha, uoshe kwa chumvi, kwa siki, uchemshe umwage maji, haitoki ya maana. Kiwango cha kimataifa kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo, na mboga za majani ndo zinazokusanya kuliko matunda kama nyanya na bamia.

Msimbazi unatokea huko milima ya Pugu na Kisarawe, maji yake kule juu ni ya kawaida, shida inaanza ukishaingia mjini kwenye viwanda, magereji na mitaro. Kwahiyo swali la wateja "umetoka wapi" ni swali zuri, usilichukie, na hata bondeni kwenyewe shamba na shamba havifanani. Anayemwagilia kwa maji ya kisima kifupi mbali na mtaro sio sawa na anayechota mtoni penye povu. Kama unaweza kumshawishi mkulima wako, aongeze chokaa na samadi iliyooza kwenye udongo, maana udongo ukiwa na asidi metali zinayeyuka kirahisi na mmea unazinywa, asidi ikipungua zinatulia. Haimalizi tatizo, inapunguza. Najua ni riziki yako na sitaki kukuharibia genge, lakini wanao nao wanakula mchicha huohuo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa usugu wa dawa unatokana na watu kutomaliza dozi na kujinunulia dawa dukani. Juzi mhadhiri katuambia metali nzito kwenye majitaka zinaleta usugu wa antibayotiki hata kama hakuna dawa kwenye hayo maji. Sasa risasi na ampisilini vinahusiana wapi? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hili ndo swali lililonifanya nitoe ukurasa mzima, na mhadhiri wako yuko sahihi.

Anza na bakteria aliyepona. Wengi wanakufa kwa metali, ila wachache wana mbinu. Kuna mwenye pampu kwenye ukuta wa seli, metali ikiingia anaitapika nje. Kuna mwenye protini za kuifunga asiguswe nayo. Kuna anayejipaka ute metali inanasa nje hukohuko. Na kuna mwenye kimeng'enya cha kuibadilisha iwe isiyo na madhara kwake. Sasa maelekezo ya mbinu hizi, yani jeni zake, mara nyingi hayakai kwenye DNA kuu, yanakaa kwenye kipande kidogo cha duara kinachoitwa plasmidi, ambacho bakteria anaweza kumpa mwenzake, hata asiye wa ukoo wake. Plasmidi ifikirie kama daladala. Ndani amekaa abiria "jeni ya zebaki", pembeni yake "jeni ya tetrasaiklini", nyuma "jeni ya streptomaisini". Majitaka yana zebaki, hayana dawa hata tone. Anayehitajika ni abiria mmoja tu, lakini huwezi kumleta yeye bila daladala nzima kuja. Bakteria wasio na hiyo daladala wanakufa, wenye nayo wanazaana, na baada ya muda bwawa zima limejaa sugu wa dawa ambayo haijawahi kumwagwa mle.

Hii sio nadharia ya juzi. Miaka ya 1950 Japani walikuwa wanahangaika na Shigella, bakteria wa kuhara damu, waliokuwa hawasikii dawa kadhaa kwa mpigo. Moja ya plasmidi zilizotoka kwa bakteria hao inaitwa R100, imebeba usugu wa kloramfeniko, tetrasaiklini, streptomaisini, salfa, na humohumo usugu wa zebaki. Wazee watakumbuka merkurokromu, ile dawa nyekundu ya kupaka vidonda, ndani yake kulikuwa na zebaki, yani hospitali zenyewe zilikuwa zinaichuja hiyo daladala, wenye nayo wanabaki wengine wanakufa, bila kujua. Afu mwaka 1993 watafiti Marekani walichapisha kazi yao na nyani waliozibwa meno kwa ile amalgamu ya fedha na zebaki, wakakuta bakteria sugu wa zebaki wameongezeka mdomoni na tumboni, na wengi wao walikuwa sugu wa antibayotiki pia. Nyani hawakupewa dozi yoyote, wala hawakukatisha dozi.

Njia ya pili ni ile pampu. Kuna pampu ambazo hazina adabu ya kuchagua, zinatapika metali na zinatapika dawa kwa bomba lilelile. Bakteria akizijenga nyingi kwa ajili ya shaba au zinki, siku akikutana na dawa yuko tayari.

Na hapa ndo mimi naona watu wanapitwa. Antibayotiki ikiingia kwenye majitaka inavunjika, wengine siku, wengine wiki, wengine zaidi, lakini inavunjika. Metali haivunjiki. Risasi ni risasi, itakaa kwenye tope miaka na miaka inaendelea kuwachuja bakteria walewale, kizazi baada ya kizazi. Ulaya walishaliona kwenye ufugaji, nguruwe walikuwa wanalishwa shaba nyingi wakue haraka, Denmark wakakuta bakteria wa utumbo wenye usugu wa shaba uliofungamana na usugu wa antibayotiki, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kutumia zinki oksidi kama dawa ya kuhara kwa vitoto vya nguruwe, sababu mojawapo hiyohiyo ya usugu. Mikutano yetu ya usugu wa dawa inawasema sana wenye maduka ya dawa, sawa wanastahili, ila sijasikia wakiongelea chemba la kiwandani. Na usije ukamwambia mgonjwa eti dozi haina maana, wote wawili wana hatia, dozi isiyoisha na tope lenye metali.

Kwa ile kazi yako ya chuo, ukitaka kuitazama kwa macho sio ngumu: chukua sampuli ya tope, otesha bakteria kwenye sahani zenye shaba au zinki kidogokidogo ukipanda, wale watakaoota kwenye sahani kali wahamishie kwenye sahani zenye vidonge vya antibayotiki upime mduara, linganisha na tope la mahali pasipo na kiwanda. Fanya maabara sio hosteli, na sahani zote zichemshwe kwenye otoklevu kabla ya kutupwa, hao viumbe unaowachuja ndo haohao tunaowakataa.

SWALI: Sasa mwalimu. Mimi niko na karakana ndogo Kariobangi Light, tunapaka bampa na rimu nikeli na kromiamu. Maji ya kuoshea huwa tunamwaga kwa mtaro. Kuna jirani ameanza kuleta maneno ati tunaua mto. Maji yenyewe ni kidogo, kama mapipa mawili kwa siku. Kweli hiyo inaweza fanya kitu kwa Nairobi River yote? Na sina pesa ya mtambo. (Fundi, Nairobi)

JIBU: Poa ndugu, na asante kwa kuuliza badala ya kugombana na jirani. Tupige hesabu pamoja. Mapipa mawili ni lita 400. Tuseme maji yako ya kuoshea yana miligramu 100 za kromiamu kwa lita, hiyo ni gramu 40 kwa siku, kakijiko hivi. Sasa kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.05 kwa lita. Ili gramu 40 zishuke mpaka hapo unahitaji lita 800,000 za maji safi, yani maboza 80 ya lita 10,000, kila siku, kwa ajili ya mapipa yako mawili. Na Kariobangi Light hauko peke yako. Yakiingia kwa sewa badala ya mtaro ndo yanakutana na wale bakteria wa taratibu niliowasema juu, na mtambo wa Kariobangi wote unategemea bakteria walioota kwenye mawe.

Cha kwanza hakikugharimu kitu. Ukitoa bampa kwa tangi usikimbie nalo kwa maji, lining'inize juu ya tangi dakika moja lidondoke. Halafu ndoo ya kwanza ya kuoshea isiwe ya kumwaga, iwe imesimama, na maji yake ndo unatumia kuongezea tangi lenyewe likipungua. Nikeli unanunua kwa pesa ndugu yangu, kwa nini uimwage? Mafundi walioanza hivi kwa sababu ya jirani wameendelea kwa sababu ya mfuko.

Yanayobaki ndo ya kutibu. Kromiamu sita ni ya njano kuelekea chungwa na haizami ukiweka chokaa, lazima kwanza igeuzwe kromiamu tatu. Inafanywa kwa kuongeza asidi mpaka pH (kile kipimo cha asidi, kadiri asidi inavyozidi namba inashuka) ifike 2 au 3 na kuweka metabisalfaiti, rangi inageuka kijani, hapo unapandisha pH kwa chokaa mpaka karibu 8 na nusu, unaona tope la kijani linazama. Nikeli inataka pH juu zaidi, karibu 10, kwahiyo usiyachanganye maji ya nikeli na ya kromiamu, kila moja pipa lake. Fanya nje penye hewa maana metabisalfaiti kwenye asidi inatoa gesi ya kukaba koo. NA KAMA KUNA TANGI LENYE SIANIDI hapo kwako, maji yake yasikutane na asidi kabisa kabisa, gesi yake inaua mtu amesimama. Kama hujui tangi lina nini, usianze, tafuta mkemia aje aone kwanza. Lile tope usilitupe jalala la Dandora wala kwa mtaro, ni taka hatari, likaushwe liwekwe kwa gunia lichukuliwe na mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya). Mkiwa karakana tano au sita mkichanga safari moja inakuwa nafuu.

Na jirani mpelekee chai.

SWALI: Mi mchimbaji mdogo, Geita. Zebaki yetu inabaki kwenye marudio, ule mchanga unaobaki tukishatoa dhahabu. Jamaa mmoja wa semina kasema bakteria wa kwenye tope wanaigeuza mvuke inaondoka yenyewe. Mwingine kasema bakteria haohao wanaifanya sumu kali zaidi. Nani mkweli? (Mchimbaji, Geita)

JIBU: Wote wawili, ndo ubaya wa semina za siku moja. Kuna bakteria wenye jeni za kundi linaloitwa mer, wanachukua zebaki iliyoyeyuka wanaigeuza ile zebaki ya kung'aa unayoijua, ambayo inapaa kama mvuke. Yeye amepona, kaondoa sumu nyumbani kwake. Lakini mvuke haujaenda mbinguni, upo hewani na utashuka na mvua sehemu nyingine, na mnaochoma bila retoti (kile chombo cha kunasa mvuke) mnafahamu kifua kinavyosema.

Upande wa pili ni wale wasiotumia oksijeni, wanaokaa kwenye tope jeusi la chini, bwawani na ziwani. Baadhi yao wanaivisha zebaki koti la kaboni inakuwa zebaki methili, na mwaka 2013 ndo wanasayansi walizigundua jeni mbili zinazofanya hiyo kazi, hgcA na hgcB. Hiyo ya koti ndo mbaya, inaingia kwenye nyama ya kiumbe na haitoki haraka, mdudu analiwa na samaki mdogo, mdogo analiwa na mkubwa, kila hatua inajikusanya. Ndo maana samaki mkubwa anayekula wenzake, kama sangara, anabeba zaidi ya dagaa, na mjamzito ndo wa kuambiwa hili mapema kwa sababu inashambulia ubongo wa mtoto.

Sasa kubwa kwako ni hili: marudio yenye zebaki msiyapeleke kwenye sianidi (ile kemikali ya plenti ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki) kabla zebaki haijatolewa. Sianidi inaiyeyusha zebaki inaifanya itembee na maji mbali kuliko ingekaa yenyewe, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umeitaja kabisa kati ya tabia za kukomeshwa. Najua marudio ni pesa na mwenye plenti hakuulizi. We muulize yeye.

SWALI: Kisima changu kiko karibu na mahali walikuwa wakiyeyusha betri za gari. Nimepima maji, wameniambia hayana vijidudu. Tena nachemsha. Wanangu wako salama? (Baba, Mombasa)

JIBU: Hapana, hujui bado. Umepimiwa bakteria, hujapimiwa risasi. Kuchemsha kunaua bakteria, risasi inabaki yote, na maji yakipungua kwenye sufuria inazidi kuwa nzito. Tena kitu ambacho wengi hawajui, maji yenye metali nyingi yanaweza kutoa jibu "hakuna vijidudu" kwa sababu metali imewaua ndani ya chupa njiani kwenda maabara. Maabara inayojua kazi ikihisi metali inaweka EDTA kwenye chupa, ile inaikamata metali ili bakteria wafike hai wahesabiwe. Kwahiyo majibu safi kwenye kisima cha namna hiyo hayatakiwi kukufurahisha.

Pima risasi, kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, na wapeleke watoto wapimwe damu, usisubiri dalili. Mombasa hapo mna Owino Uhuru, mahakama ya mazingira mwaka 2020 iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa ajili ya risasi ya kiwanda cha betri, na kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu. Wakati unasubiri majibu watoto wasinywe hayo maji, na pale palipokuwa panayeyushwa wasichezee mchanga. Na usishangae kama mchanga ndo una risasi kuliko kisima, mara nyingi inakuwa hivyo. Hata zile chubwi za wavuvi zinayeyushwa hivyohivyo nyuma ya nyumba, kama kuna anayefanya mtaani kwenu mwambie.

SWALI: Mimi ni wa Kasese, Uganda. Hapa kwetu kulikuwa kiwanda kilichotumia bakteria kutoa kobalti. Kama kuna bakteria wanaokula metali, si tuwanunue tuwamwage kwenye majitaka waimalize? (Msomaji, Kasese)

JIBU: Kwenu ni pa kujivunia bwana, kile kiwanda kilianza mwaka 1999 na kilitumia mlima wa pirite (madini ya chuma na salfa) uliobaki kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, ule uliokuwa unachuruzika asidi kuelekea Ziwa George. Ila hao bakteria hawali kobalti. Wanakula chuma na salfa ya pirite, wao ndo wanaivunja, kobalti iliyojificha ndani inaachiwa kwenye maji ya asidi, afu binadamu anaichukua kwa kemia. Yani kazi yao ni kuyeyusha metali, na ukiwamwaga kwenye majitaka umeongeza tatizo.

Unaowataka wewe ni kinyume chao, wale wa gesi ya mayai viza wa bwawa la Dar, wanaozamisha. Kule Budel, Uholanzi, kiwanda cha zinki kinawatumia tangu miaka ya 1990, wanalishwa, wanatoa gesi, zinki inazama kama unga, unakusanywa unarudi kiwandani. Hakuna kinachomalizwa, metali inahamishwa tu kutoka kwenye maji kwenda mahali unapoweza kuishika kwa koleo. Hao wa pakiti wanaouzwa kwa ajili ya choo hawana kazi hiyo, wasikudanganye.

Ila yupo mmoja ananifurahisha, Cupriavidus metallidurans, aligunduliwa kwenye tangi la kiwanda cha zinki Ubelgiji miaka ya 1970, ana pampu za kila aina ukutani, na ukimpa dhahabu iliyoyeyuka, ambayo kwake ni sumu, anaigeuza chembe za dhahabu halisi. Wa Geita msinipigie simu, chembe zenyewe huzioni bila hadubini.